Malale, Usingizi na Tabia ya Mtu

Wahenga walisema tabia ni ngozi. Maana yake ni kwamba mtu hawezi kuivua tabia kama avuavyo shati. Katika miaka yangu ya ualimu nimeisikia methali hii ikitumiwa mara nyingi kuliko inavyostahili. Mtoto akisinzia darasani, tabia ni ngozi. Kijana akiwa mkali bila sababu, tabia ni ngozi. Bibi kizee akianza kutangatanga usiku na kuzungumza peke yake, watu hutikisa vichwa na kusema kwamba ndivyo alivyokuwa tangu zamani, ila sasa amejitokeza.

Nia yangu katika insha hii ni kuipima methali hiyo kwa historia ya ugonjwa mmoja uliopita katika mwambao wa ziwa letu, nao ni malale. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni ugonjwa wa kwetu. Mkoa wa Mara umo katika historia yake tangu mwanzo wa karne ya ishirini. Pili, hauishii kwenye damu na viungo. Hupanda hadi kichwani ukambadilisha mtu akawa mtu mwingine mbele ya macho ya mkewe na watoto wake. Kwa hiyo unatufundisha jambo ambalo maradhi mengine hutufundisha kwa shida: kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita tabia inakaa katika nyama ya ubongo, na nyama huugua.

Lakini kabla ya kuusimulia ugonjwa, hatuna budi kuzungumza habari za usingizi wenyewe.

Hapa Bugwema tuko chini ya digrii mbili kusini mwa ikweta. Jua letu ni mwaminifu. Mwezi Juni kama mwezi Desemba, huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu na kuzama baada ya muda ule ule wa saa kumi na mbili na dakika chache. Hesabu ya saa ya Kiswahili ilizaliwa katika uaminifu huu. Sisi huanza kuhesabu mchana jua linapokuja, na huanza upya linapokwenda. Mtu wa London asingeweza kubuni hesabu ya namna hiyo, maana kwao jua la Desemba huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na la Juni huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Saa yetu ni saa ya jua, na mkulima asiye na saa ya mkononi anaijua bila kufundishwa.

Anaijua kwa sababu mwili wake nao una saa. Joto la mwili hushuka usiku na kufikia chini kabisa saa chache kabla ya mapambazuko. Karibu na kuamka, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya kumwandaa mtu kwa kazi, hata kabla jogoo hajawika. Giza likiingia, tezi ndogo ndani ya ubongo hutoa homoni nyingine, melatonini, inayouambia mwili kwamba usiku umefika. Mwaka 1972 wataalamu wa Marekani waligundua kwamba kiongozi wa mambo haya yote ni kundi dogo la seli kama 20,000 lililo chini ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana. Humo ndimo mwanga wa asubuhi unamoingia na kuirekebisha saa kila siku. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi jeni zinavyoizungusha saa hiyo ndani ya seli moja moja.

Mwaka huo huo wa 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa hapa hapa Tanzania, miongoni mwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Watu wazima 33 walivaa mkononi vifaa vidogo vya kupima mwendo kwa siku 20. Katika saa zaidi ya mia mbili za usiku zilizopimwa, dakika ambazo watu wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wakati wowote palikuwapo mtu macho au mwenye usingizi mwepesi. Vijana walichelewa kulala, wazee waliwahi kulala na kuwahi kuamka. Hakuna aliyepanga zamu. Miili yenyewe iligawana ulinzi. Nami niliye katika miaka ya sabini, ninayeamka saa tisa usiku kila siku na kuusikiliza upepo wa ziwa, nilifarijika sana niliposoma habari hiyo. Nilidhani ni uzee unaniibia usingizi, kumbe huenda ni zamu yangu.

Sasa tuuangalie ugonjwa uliokuja kuivunja saa hii.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki. Nchi nyingi za wafugaji zilibaki na sehemu ndogo tu ya mifugo yao. Ikafuata njaa, ikafuata ndui. Ng'ombe wakiisha na watu wakipungua, majani hayaliwi, mashamba hayalimwi, vichaka hurudi. Na vichaka vikirudi, wanyama wa porini hurudi, na mbung'o hurudi pamoja nao. Babu zetu walijua kwamba penye mbung'o ng'ombe hawaishi, ndiyo maana waliyachoma majani kwa majira, wakakata vichaka na kuyapitisha makundi yao mbali na mapori fulani. Walikuwa na mapatano ya muda mrefu na nyika. Misiba ya miaka ile iliyavunja mapatano hayo.

Mwezi Februari 1901, daktari Albert Cook na nduguye Jack, wamisionari wa hospitali ya Mengo huko Buganda, waliandika habari za wagonjwa wao wa kwanza wa malale. Waganda waliuita ugonjwa huo mongota, kwa maana ya kusinzia kwa kudondosha kichwa. Ulienea Busoga, Buganda na katika visiwa vya ziwa kama moto wa kiangazi. Katika miaka michache walikufa watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000. Kuna visiwa vilivyokuwa na watu tele, wavuvi na wakulima, vikabaki na ndege tu.

Dalili zake ni muhimu kwa hoja yangu. Mgonjwa alianza kwa homa za kuja na kuondoka, kichwa kuuma, na tezi za nyuma ya shingo kuvimba. Hadi hapo alikuwa mgonjwa kama wagonjwa wengine. Baadaye tabia ilianza kugeuka. Mtu mpole alikuwa mkali. Mtu msafi aliacha kuoga. Mtu mchapakazi alikaa mlangoni na jembe lake mkononi, amelitazama tu. Alisinzia akila, tonge likiwa mdomoni. Usiku akawa macho, akizunguka na kusema maneno yasiyo na mpango. Mwisho alikonda, akalala asiamke.

Watu walimwelewaje mtu wa namna hiyo? Wako waliosema amerogwa. Wako waliosema ni wazimu, na wapo waliofungwa kamba ili wasiwadhuru wenzao. Tusidhani kwamba walioelewa vibaya ni wanakijiji peke yao. Mwaka 1734 daktari Mwingereza wa merikebu, John Atkins, aliyewaona wagonjwa wa malale katika pwani ya Guinea wakati wa biashara ya utumwa, alitaja miongoni mwa sababu za ugonjwa namna ya kuishi ya watu wale na udhaifu wa asili wa ubongo wao. Kwa miaka mingi baadaye waandishi wa Ulaya waliuita ugonjwa huu kwa jina lenye maana ya ulegevu wa watu weusi. Fikiri, msomaji, uzito wa jina hilo. Vijidudu vilikuwa vinakula ubongo wa mtu, na msomi akaandika kitabuni kwamba watu hawa ndivyo walivyo. Naye alikuwa anasema, kwa Kiingereza, tabia ni ngozi.

Cha kushangaza ni kwamba wafanyabiashara ya watumwa walijua zaidi. Daktari Thomas Winterbottom, aliyefanya kazi Sierra Leone, aliandika mwaka 1803 kwamba wanunuzi walimpapasa mtumwa nyuma ya shingo, na wakikuta tezi zimevimba hawakumnunua. Mwenye kutafuta faida aliona ugonjwa mahali ambapo mwenye kutafuta hoja ya kuwadharau watu aliona uvivu.

Mwaka 1902 serikali ya Uingereza na jumuiya ya wanasayansi ya London walituma tume Entebbe. Mmoja wa wajumbe, kijana wa Kiitaliano Aldo Castellani, alichukua maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa, akayatazama kwa hadubini na kuona vimelea vinavyocheza kama samaki wadogo. Mwaka 1903 David Bruce, ambaye miaka michache kabla alikuwa ameonyesha huko Zululand kwamba mbung'o hueneza ugonjwa wa ng'ombe wa nagana, alithibitisha pamoja na wenzake kwamba vimelea vya namna hiyo ndivyo vinavyosababisha malale, na kwamba mbung'o ndiye mchukuzi. Kwa hiyo ulikuwa ugonjwa mmoja wa ukoo na ule ambao wafugaji wetu waliukimbia kwa vizazi vingi.

Tangu hapo hapakuwa tena na sababu ya kusema uchawi, wala ulegevu wa watu weusi. Lakini elimu ya sababu haikuleta mara moja huruma kwa mgonjwa. Sehemu hii ya historia ndiyo inayonisikitisha zaidi.

Mwaka 1906 Robert Koch, daktari mashuhuri wa Ujerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuja katika Ziwa Victoria na kupiga kambi katika visiwa vya Ssese. Alitumia dawa yenye sumu ya aseniki iliyoitwa Atoxyl. Wagonjwa walikuja kwa mamia. Wengi walipata nafuu kwa muda, kisha ugonjwa ukarudi. Na dozi ilipoongezwa, baadhi yao walipofuka wasione tena. Serikali ya Wajerumani ilifungua kambi za malale katika upande wake wa ziwa. Mojawapo ilikuwa Shirati, ambayo leo iko katika Wilaya ya Rorya, mkoani kwetu. Watu wa mwambao walipapaswa shingo, wakatobolewa tezi, na wenye vimelea wakapelekwa kambini. Wengi walitoroka. Afisa aliandika kwamba wenyeji hawajui jema lao. Lakini mtu aliyemwona jirani yake akirudi kutoka kambini akiwa kipofu alikuwa na sababu njema ya kukimbilia porini.

Upande wa Uganda, Gavana Hesketh Bell aliamuru tangu mwaka 1906 watu wahamishwe kutoka mwambao, na baadaye kutoka visiwani. Ugonjwa ulipungua, hilo ni kweli. Lakini watu walipoteza migomba, makaburi ya wazee, na uvuvi wao. Nchi iliyoachwa ilifunikwa na msitu, na msitu ukawa makao mapya ya mbung'o yule yule.

Katika Tanganyika ya Waingereza ugonjwa ulionekana upya mwaka 1922 katika nchi ya Maswa, usukumani. Hii ilikuwa malale ya aina ya pili, ile ya haraka. Ile ya polepole humchukua mtu miaka. Hii humaliza kazi yake kwa miezi, na wanyama wa porini ndio ghala lake. Charles Swynnerton, aliyeuchunguza mlipuko ule, aliongoza vita dhidi ya mbung'o hapa nchini mpaka alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Huko Shinyanga Wasukuma walitoka kwa maelfu kufyeka vichaka kwa kazi ya pamoja, na ardhi ikarudi kwa ng'ombe na pamba. Mahali pengine serikali iliwakusanya watu waliotawanyika porini na kuwaweka katika makazi makubwa, kwa hoja kwamba mbung'o hapendi mahali penye watu wengi na mashamba wazi. Tuliokuwa vijana mwaka 1974, tulioiona Operesheni Vijiji kwa macho yetu, tunaweza kuelewa vema hisia za mzee aliyeambiwa avunje nyumba yake kwa faida yake mwenyewe.

Sasa nirudi ndani ya kichwa cha mgonjwa. Tulisema amelala kupita kiasi, na hata jina malale linasema hivyo. Lakini madaktari walipoanza kupima usingizi wa wagonjwa kwa mitambo, usiku na mchana bila kukatiza, waliona jambo jingine. Mgonjwa wa malale halali sana kuliko mtu mzima wa afya. Jumla ya saa zake za usingizi hukaribia kuwa ile ile. Kilichoharibika ni mpangilio: usingizi umekatwa vipande vipande na kutawanywa mchana na usiku, kama kurasa za kitabu zilizopeperushwa na upepo. Saa yake imeacha kulitii jua. Mwaka 2018 Filipa Rijo-Ferreira na wenzake walionyesha kwa panya kwamba vimelea hivi huiharakisha saa ya mwili, hata siku ya mnyama ikawa fupi. Mwaka mmoja kabla walikuwa wamegundua kwamba kimelea chenyewe, kiumbe wa seli moja tu, nacho kina mwendo wake wa saa ishirini na nne. Saa moja imeingia ndani ya saa nyingine na kuivuruga.

Mfano mwingine ulitoka mbali na kwetu. Mwaka 1917, katikati ya vita vya kwanza vya dunia, Constantin von Economo wa Vienna aliandika habari za ugonjwa mwingine wa ubongo ulioacha watu wengine katika usingizi mzito na wengine bila usingizi kabisa. Alipopasua vichwa vya waliokufa, aliona kwamba waliolala mno walikuwa na kidonda mahali fulani chini ya ubongo, na waliokosa usingizi walikuwa na kidonda mbele ya hapo, umbali mdogo sana. Tofauti kati ya mtu anayeitwa mvivu na mtu anayeitwa mwenye mapepo inaweza kuwa upana wa kidole.

Matibabu nayo yalikwenda polepole. Baada ya Atoxyl ilikuja suramini, ambayo husaidia kabla ugonjwa haujafika kichwani. Mwaka 1949 ikaja melasoproli, nayo ya aseniki, iliyofika ubongoni na kuwarudishia wengi akili zao, lakini iliyoua karibu mgonjwa mmoja kati ya kila ishirini. Fikiria familia inayoambiwa hivyo na kutakiwa kuchagua. Ilipita zaidi ya miaka hamsini kabla ya kupatikana dawa ya vidonge, feksinidazoli, iliyokubaliwa mwaka 2018 kwa malale ya polepole na mwishoni mwa 2023 kwa ile ya haraka, baada ya majaribio yaliyofanywa Malawi na Uganda. Siku hizi wagonjwa ni wachache sana, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba jirani zetu wa Kenya wameushinda ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii. Lakini mbung'o wa Serengeti hajafa. Mwaka 2001 watalii kadhaa walirudi makwao Ulaya na Marekani wakiwa na malale waliyoipata katika mbuga zetu.

Sasa niseme kwa nini mwalimu wa shule ya msingi anajishughulisha na mambo haya.

Niliwahi kuongoza shule moja ya mwambao ambayo sitaitaja. Mwalimu mmoja kijana alinilalamikia juu ya wavulana wa darasa la sita na la saba waliosinzia. Aliwaita wakaidi, na fimbo yake haikupumzika. Niliomba daftari la mahudhurio na nikamwomba aweke alama mbele ya jina la kila aliyesinzia, kila siku, kwa miezi miwili. Tulipozipanga alama zile na kuziweka kando ya kalenda yenye miandamo ya mwezi, jambo lilijieleza lenyewe. Mwezi ulipokuwa mkubwa angani, wavulana walikuwa macho. Ulipoingia giza la mwezi, vichwa vilianguka juu ya madawati. Mtu wa ziwani ameshaelewa: dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa za karabai, maana mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa. Nilipomwita mmoja na kumuuliza kwa upole, alinijibu, "Shikamoo mwalimu. Dagaa hawaji mchana." Baba yake alikuwa hana msaidizi mwingine.

Tuliitisha mkutano wa wazazi. Baadhi walikubali kuwapumzisha watoto siku za shule; wengine walisema wazi kwamba nyumba itakula nini. Hatukulimaliza tatizo. Lakini fimbo iliwekwa chini, maana sasa kila mwalimu aliona kwamba kumchapa mtoto kwa sababu ya giza la mwezi ni kazi bure. Miongoni mwa waliosinzia alikuwamo mmoja ambaye alama zake hazikufuata mwezi. Huyo tulimpeleka zahanati, akakutwa na malaria na upungufu mkubwa wa damu. Kama tungewaita wote wavivu, tusingemwona.

Jambo la pili ni zito zaidi. Ubongo wa mzee nao huchakaa, na zile seli chache zinazotunza saa huchakaa pamoja nao. Wazee wenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi huchanganyikiwa jua linapozama. Mchana husinzia, usiku huamka, hufungua mlango, hutembea uwanjani, huita majina ya watu waliokufa. Ukizisoma dalili hizi ukifikiria Busoga ya mwaka 1901, utaona zinafanana, kwa sababu mahali palipoumia ni pale pale. Na katika Kanda hii ya Ziwa, msomaji anajua yaliyowapata akina mama wazee wenye macho mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni za miaka sitini, waliokutwa nje usiku. Wako waliouawa kwa mapanga na watu waliowabeba mgongoni walipokuwa wachanga.

Miaka kadhaa iliyopita katika kitongoji kimoja cha jirani, mama mzee alikutwa mara tatu usiku karibu na nyumba za watu. Maneno yakaanza. Kikaitishwa kikao, nami nikaalikwa kwa kuwa wengi waliokuwapo niliwafundisha kusoma. Sikuwahubiria. Niliwauliza, "Nani hapa aliwahi kusikia kwa babu yake habari za malale?" Wazee wawili walinyoosha mikono. Mmoja akasimulia alivyosikia kwa babu yake habari za mtu wa ukoo wao aliyelala mchana na kukesha usiku, akafungwa kamba kama mbuzi, na baadaye wakajua kwamba aliumwa na mbung'o tu. Kisha nikamuuliza mtoto wa yule mama, mama analala saa ngapi mchana. Akajibu, "Mchana kutwa, mwalimu." Kikao kilinyamaza. Waliamua kwamba wajukuu walale naye kwa zamu, komeo la mlango liwekwe juu, na mchana akalishwe nje penye mwanga, asiachwe kusinzia ndani gizani. Alitembea tembea bado, lakini hakutembea peke yake. Aliishi miaka minne zaidi, akafa kitandani mwake, na waliomshuku ndio waliochimba kaburi.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Yako maneno ya siku hizi yanayosema kwamba mtu ni ubongo wake tu, na kwamba mwizi, mlevi na mpiga mke wake wote waseme ni kemikali za kichwani. Historia ya malale hainipeleki huko. Vimelea havikumfanya gavana avunje nyumba za watu bila kuwauliza, alichagua. Vimelea havikumfanya Atkins aandike alivyoandika juu ya watu wa Guinea; alichagua. Na wale wajukuu waliolala kwa zamu karibu na bibi yao, nao walichagua, tena kila usiku. Uwezo wa kuchagua unakaa katika ubongo ule ule unaoweza kuugua. Kwa hiyo mwenye nao mzima ana deni kwa yule ambaye wake umeumia.

Ndiyo maana siikatai methali ya wahenga, ila naomba isomwe sawasawa. Tabia ni ngozi, naam. Lakini ngozi ni kiungo cha mwili. Huungua, hupata vidonda, na mganga mwenye akili huitazama kwa mwanga kabla hajasema neno. Na wahenga wale wale walituachia methali nyingine ya kuwekwa kando ya hiyo: kabla hujafa hujaumbika.